Mlio wa Sikioni, Pangaboi la Ofisini

Umeme ukikatika saa nane mchana katika ofisi ya Dar es Salaam, cha kwanza kuondoka ni sauti. Kiyoyozi kinakata pumzi, pangaboi linazunguka mara chache kwa mazoea kisha linasimama, mashine ya kutoa nakala inanyamaza, na kwa nusu dakika hivi, kabla jenereta la nyuma ya jengo halijanguruma, ukumbi mzima unatulia. Wengi huipenda hiyo nusu dakika. Lakini yupo mmoja, pengine wawili, wanaokunja uso. Ndipo wanapousikia waziwazi mlio ambao vishindo vya ofisi vilikuwa vimeufunika tangu asubuhi: ziiii nyembamba, ya juu, isiyopumua, na inatoka ndani ya kichwa chao wenyewe.

Madaktari huiita hali hiyo tinaitasi. Mitaani watu husema masikio yanavuma, au sikio linalia, na kila mtu ana sauti yake. Mmoja husikia nyenje, mwingine filimbi, mwingine birika linalokaribia kuchemka, mwingine mvumo mzito kama wa lori lililosimama mbali. Kinachowaunganisha ni kwamba nje ya kichwa hakuna kitu kinachotoa sauti hiyo. Warumi wa kale waliifahamu. Plinius Mzee aliandika katika karne ya kwanza kwamba watu waliamini mtu masikio yake yakilia, basi kuna mahali anasemwa. Hata leo, mtu akilalamika kwamba sikio linamlia, hakosekani wa kumuuliza nani anamteta.

Idadi ya wenye hali hii si ndogo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la JAMA Neurology, uliojumlisha tafiti za miongo kadhaa, ulikadiria kwamba karibu watu wazima 14 katika kila 100 duniani wanaijua hali hii. Hao ni zaidi ya watu milioni 740. Kwa zaidi ya milioni 120 kati yao, mlio ni tatizo kubwa maishani. Kwa wastani huo, ukumbi wenye wafanyakazi 30 una wanne hivi, nao huenda hawajuani, kwa sababu maradhi haya hayana bandeji wala mkongojo wa kumwonyesha mtu.

Chanzo chake mara nyingi ni uharibifu uliofanyika zamani. Ndani kabisa ya sikio kuna koklea, mfereji mdogo uliojikunja kama konokono, na humo zimepangwa seli 15,000 hivi zenye vinywele vinavyotikiswa na sauti. Kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena. Huuawa na umri, na makelele ya kiwandani na mashine za kusaga, na spika za ukumbi wa harusi zilizowekwa mita mbili kutoka mezani, na baadhi ya dawa. Sehemu ya koklea iliyokufa huacha kupeleka habari. Ubongo, kwa kukosa habari hizo, huongeza nguvu ya upokeaji wake, na katika kuongeza huko huanza kuusikia mchakato wa neva zake wenyewe. Hayo ndiyo maelezo yanayokubaliwa na watafiti wengi, na yanaeleza kwa nini mlio huwa aghalabu katika masafa yale yale ambayo mtu amepoteza usikivu. Yanaeleza pia jambo lililowashangaza madaktari wa upasuaji: wapo wagonjwa waliokatwa neva ya sikio, wakawa viziwi kabisa upande huo, na mlio ukabaki palepale.

Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu 80 wenye usikivu mzuri, mmoja mmoja, katika chumba kisichopitisha sauti. Hawakuwaambia wanatafuta nini. Waliwaomba tu waandike watakachosikia. Ndani ya dakika tano, asilimia 94 walikuwa wamesikia kitu: mlio, mvumo, mapigo, mchirizi. Watu hao hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamepewa kimya tu.

Jaribio hilo linageuza swali. Ikiwa karibu kila mtu ana mlio wa aina fulani ukimya ukizidi, kwa nini mmoja ausahau na mwingine akose usingizi? Mwaka 1990 mwanasayansi Pawel Jastreboff, mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi Marekani, alitoa jibu ambalo bado linaongoza tiba nyingi. Kwa maoni yake, masikio ni mlango tu. Taabu huanza pale ambapo sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na tahadhari zinapoamua kwamba sauti ile ni ya hatari. Tangu hapo ubongo hauiachi. Huisikiliza kama mlinzi anayesikiliza nyayo. Na vipimo vinamuunga mkono kwa namna ya ajabu: mgonjwa akiombwa kuulinganisha mlio wake na sauti ya mashine, mara nyingi unaonekana kuwa desibeli chache tu juu ya sauti ndogo kabisa anayoweza kuisikia. Ni mnong'ono. Wala ukubwa huo hautabiri nani atateseka zaidi.

Mtunzi wa muziki wa Kicheki, Bedřich Smetana, aliupa mlio wake nafasi ndani ya kazi yake. Alipoteza usikivu mwaka 1874, na miaka miwili baadaye akatunga muziki wa ala nne za nyuzi akisimulia maisha yake. Katika sehemu ya mwisho, furaha ikiwa imepamba moto, fidla ya kwanza inashika noti moja ya juu sana na kuing'ang'ania, huku ala nyingine zikitetemeka chini yake. Anayetaka kujua jirani yake wa ofisini anasikia nini anaweza kuanzia hapo.

Kabla ya kuhangaika na mpangilio wa ofisi, wapo wanaopaswa kwenda kwanza kwa daktari wa masikio, pua na koo. Aliyepoteza usikivu ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu, aende siku hiyo hiyo, maana dawa inayoweza kuokoa sikio hufaa zaidi ikianzishwa mapema. Anayesikia mdundo unaofuata mapigo ya moyo achunguzwe mishipa ya damu. Anayesikia mlio upande mmoja tu, hasa kama upande huo pia husikia kidogo, achunguzwe kama hana uvimbe kwenye neva. Uvimbe huo ni nadra na mara nyingi si saratani, lakini hauachwi hivi hivi. Na wapo wenye bahati: mlio wao umetokana na nta iliyoziba, na wanatoka kliniki umekwisha.

Dawa nazo zina sehemu yao, na katika Afrika Mashariki jambo hili lina historia. Vizazi vizima viliijua kwinini kwa masikio kabla ya kuijua kwa jina la kitaalamu. Aliyemeza vidonge vyake vya malaria alitarajia kichwa kizito na masikio yanayovuma, na kwa kawaida mvumo ulikwisha pamoja na dozi. Baada ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, ikiwemo Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani lilielekeza watoto wenye malaria kali wapewe sindano ya atesuneti badala ya kwinini, kwa sababu iliokoa maisha zaidi. Aspirini kwa dozi kubwa huvumisha masikio vilevile. Sindano za kundi la streptomaisini na kanamaisini ndizo mbaya zaidi, kwani huua zile seli za vinywele moja kwa moja. Kanamaisini iliondolewa mwaka 2018 katika orodha ya dawa zinazopendekezwa kwa kifua kikuu sugu. Hata hivyo mgonjwa wa kifua kikuu anayesikia mlio hapaswi kukatisha dawa kwa uamuzi wake. Amwambie mhudumu, mapema, na kwa maneno ya wazi.

Sasa turudi ukumbini, kwenye meza za pamoja.

Ushauri wa kwanza ambao mfanyakazi mwenye mlio hupewa na wenzake ni kuvaa hedifoni. Ni ushauri wa nia njema, na kwa wengi haufai. Mpokezi hawezi kuvaa, wala karani wa benki aliye dirishani, wala muuguzi wa mapokezi, wala mwalimu katika chumba cha walimu. Kuna pia suala la adabu, ambalo vitabu vya tiba vya Ulaya havilitaji. Katika ofisi zetu siku huanza kwa salamu, na salamu haziishi asubuhi; mkubwa akipita huamkiwa, mgeni akiingia huulizwa habari za atokako. Aliyeziba masikio haamkii wala hasalimiki. Baada ya wiki mbili ameshapewa sifa ya kiburi, na mtu ambaye tayari ana mlio kichwani hahitaji kuongezewa upweke.

Upo pia upande wa afya. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiona salama kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa jumla ya saa 40 kwa wiki, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Saa nane kwa siku tano ni saa 40. Anayesikiliza hedifoni kutwa kwa sauti hiyo anafika Ijumaa jioni posho yake ya wiki imekwisha, na bado hajapanda daladala lenye muziki. Hedifoni zile za bei kubwa zinazofuta sauti za nje zina kasoro tofauti: zisipopigwa kitu, humrudisha mtu katika chumba cha Heller na Bergman.

Kuziba masikio kunaweza hata kuuzaa mlio kwa asiye nao. Watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Roland Schaette walichapisha mwaka 2012 jaribio la watu 18 wenye usikivu mzuri, waliokubali kuziba sikio moja kwa siku saba. Watu 14 walianza kusikia sauti zisizokuwepo. Vizibo vilipoondolewa, sauti zikaondoka. Kwa hiyo vizibo vya masikio ni kinga nzuri mbele ya spika za muziki au mashine ya kukatia mbao, na ni adui mezani pa kazi, ambako mtu huvivaa kukimbia mazungumzo ya majirani na kujikuta yuko peke yake na mlio wake.

Kinachobaki ni sauti iliyo hewani. Wazo hilo lina asili yake mahali panapojulikana: Portland, katika jimbo la Oregon, Marekani, miaka ya 1970. Daktari mmoja wa California, Charles Unice, aliyekuwa na mlio mkali, alikwenda kumwona Jack Vernon, mtafiti wa masikio katika chuo cha udaktari cha jimbo hilo. Walipokuwa wakitembea mjini walipita kwenye Lovejoy Fountain, chemchemi kubwa ya zege ambayo maji yake huporomoka ngazi kwa ngazi katikati ya uwanja wa watu. Unice akasimama. Vernon aliendelea na mazungumzo kisha akagundua kwamba mwenzake hasogei. Sababu ilikuwa rahisi: kwa mara ya kwanza tangu augue, Unice alikuwa hausikii mlio wake.

Vernon aliondoka pale na kazi ya maisha yake. Kutokana na tukio hilo vilibuniwa vifaa vidogo vya kuvaa nyuma ya sikio vinavyotoa mchirizi wa sauti, lakini kwa wasio na fedha alikuwa na ushauri mwepesi: washa redio, ipeleke katikati ya stesheni mbili, iache ichirizike. Kila aliyekulia na redio ya betri katika Afrika Mashariki anaujua mchirizi huo. Wazee waliukimbia wakitafuta taarifa ya habari. Kumbe ulikuwa na matumizi.

Jastreboff naye alilisogeza wazo hilo hatua nyingine. Kuufunika mlio kabisa, alisema, ni nafuu ya muda, kwa sababu ubongo hauwezi kuzoea kitu usichokisikia. Sauti ya nje iwe chini kidogo ya mlio, vyote viwili visikike na kuchanganyika. Waganga wa mbinu yake hupenda kumfananishia mgonjwa mshumaa: katika chumba chenye giza macho yote huukimbilia, katika chumba chenye taa unawaka vilevile ila hakuna anayeuangalia. Hapo ndipo penye siri ya pangaboi. Si lazima livume hata lizime mlio. Likitosha kuondoa giza, limefanya kazi.

Haki itendeke, lakini. Sauti peke yake si tiba iliyoshinda zote. Jaribio lililochapishwa mwaka 2019, likiwa na watu 151 kutoka katika jamii ya wanajeshi wa Marekani, liliilinganisha mbinu nzima ya Jastreboff na huduma ya kawaida, na wagonjwa wa pande zote walipata nafuu inayokaribiana. Yenye ushahidi wenye nguvu zaidi hadi sasa ni tiba ya mazungumzo inayomfundisha mgonjwa kuyachunguza mawazo yake na kubadili anavyoupokea mlio. Watafiti wa Maastricht, Uholanzi, waliwafuatilia wagonjwa 492 kwa mwaka mmoja, wakaeleza katika jarida la Lancet mwaka 2012 kwamba waliopata huduma iliyojengwa juu ya tiba hiyo waliishi vizuri zaidi na kusumbuka kidogo kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mlio ulikuwepo. Aliyebadilika ni msikilizaji. Kuhusu vidonge vya majani ya ginko, zinki na melatonini vinavyouzwa mitandaoni, chama cha madaktari wa masikio wa Marekani kilishauri mwaka 2014 visipendekezwe kwa tatizo hili. Pesa hiyo inanunua feni ya mezani na chenji inabaki.

Wapenzi wa chai na kahawa wamekuwa wakiambiwa waache vinywaji vyao. Utafiti wa miaka 18 uliowahusisha wanawake zaidi ya 65,000 wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba waliokunywa kafeini nyingi walipata mlio kwa uchache kuliko waliokunywa kidogo. Hilo halifanyi kahawa kuwa dawa. Linatosha tu kumruhusu mtu anywe chai yake ya saa nne bila hofu, isipokuwa kama yeye mwenyewe ameona inamzidishia, au inamnyima usingizi, kwa maana asiyelala mlio humwandama kesho yake.

Katika sheria, mwenye mlio haonekani. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 za kudhibiti kelele mahali pa kazi zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa nane. Zilitungwa kwa ajili ya viwanda, na huko zina kazi kubwa. Ofisi ya kawaida iko desibeli 50 hadi 60, kiwango cha maongezi. Mkaguzi akija na kipimo chake atatia alama ya vema na kuondoka, huku mhasibu wa meza ya nne akiwa ameisoma safu ile ile ya tarakimu mara tatu.

Maana katika ukumbi wa pamoja tabu hazitokani na ukubwa wa sauti. Ya kwanza ni vipindi vya kimya, kama pale saa kumi watu wanapopungua, au ofisi inapobadilisha mapangaboi na kuweka viyoyozi vya kisasa visivyosikika. Ya pili ni maneno ya watu. Tangu miaka ya 1970 wanasaikolojia wamekuwa wakionyesha kwamba maongezi yasiyokuhusu huvuruga kumbukumbu ya muda mfupi hata kama hutaki kuyasikiliza. Na wengi wenye mlio wana upungufu wa usikivu ambao hawajaupima, hivyo hutumia nguvu nyingi kuyachambua maneno katikati ya vishindo. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza jinsi mtu anavyopandisha sauti yake bila kujua pale kelele inapomzunguka. Katika ukumbi wenye vigae sakafuni na vioo ukutani, kila mmoja humpandishia mwenzake hadi jioni. Mwenye mlio huenda nyumbani amechoka, na uchovu huo huufanya mlio uonekane mkubwa. Hudhani masikio yameharibika zaidi, kumbe alichomaliza ni subira.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya samani. Mapazia mazito, mkeka au zulia, ubao wa matangazo uliofunikwa kitambaa, kabati la mafaili lililo wazi: vyote hivi hunyonya sauti na kupunguza mwangwi wa maneno. Kiti cha mwenye mlio kiwe na ukuta nyuma, mbali na mlango na ujia ambako kila apitaye huanzisha soga, na karibu na kitu kinachovuma kwa utulivu bila kupanda na kushuka. Dirisha la barabarani linaweza kufaa kama magari yanapita mfululizo. Kama ni honi za bodaboda, halifai. Mashine ya kutoa nakala, inayokaa kimya kisha kulia ghafla, ni jirani mbaya.

Wenye kampuni kubwa za Ulaya na Marekani hununua mitambo inayofungwa darini kumwaga mchirizi mwepesi, kwa kawaida chini ya desibeli 50, ili maongezi ya meza moja yasieleweke meza ya tatu. Walikuwa wakitafuta faragha. Wenye mlio wakafaidika bila kuombwa. Kwa ofisi ya kawaida feni ndogo ya mezani inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na ile ya kuchaji inaendelea hata umeme ukikatika. Simu iliyowekwa sauti ya mvua, kidogo sana, ikiegemezwa ukutani, nayo hufaa. Chemchemi za mezani zinapendeza, ila majirani watalalamika kwamba zinawapeleka msalani. Redio ya maongezi isiguswe, wala muziki wenye mashairi, kwani humwongezea mtu maneno pale anapoyakimbia.

Aliyepimwa na kukutwa na upungufu wa usikivu ana njia bora zaidi: shime sikio, kifaa cha kusaidia kusikia. Humrudishia sauti ndogondogo za mazingira ambazo ubongo wake ulikuwa ukizikosa, na mara nyingi mlio hurudi nyuma kwa sababu hiyo tu. Aina za kisasa huacha tundu la sikio wazi, na nyingine zina mchirizi wa Vernon ndani yake. Simu za wateja zipokelewe kwa sikio lenye nguvu. Mkutanoni mwenye mlio akae anakoona midomo ya wasemaji, mgongo wake ukielekea ukuta, na maamuzi yaandikwe ubaoni ili asiyekipata kitu asilazimike kukiulizia kila mara.

Ngumu kuliko yote ni jirani. Hewa ya ofisi ni ya wote, na kila aliyewahi kushuhudia vita ya rimoti ya kiyoyozi anajua kwamba watu watano hawakubaliani hata juu ya baridi. Sauti ni zaidi ya hapo. Anayewasha feni kimyakimya huonekana mbinafsi. Anayesema hupewa nafasi. Haihitaji barua kwa ofisa utumishi. Asubuhi moja, watu wakiwa wanafungua kompyuta, inatosha kusema: "Jamani, hii feni sijaiwasha kwa ajili ya joto. Masikio yangu yanavuma, ikizunguka napata nafuu. Ikimsumbua mtu aniambie." Mara nyingi hapo hapo mwingine atajibu kwamba na yeye yanavuma tangu mwaka juzi, alidhani ni presha.

Kwa meneja, ombi liwe la kitu kinachoweza kupimwa: kiti fulani, feni fulani, wiki mbili za majaribio, kisha wanaokaa karibu waulizwe. Wengi watakuwa wameshasahau kwamba feni ipo. Atabaki mmoja wa kulalamika kwamba upepo unampeperushia risiti, na malalamiko yake ni ya haki. Feni igeuzwe iangalie ukuta. Anayeitumia alichokuwa akitaka ni mvumo wake, na mvumo unafika mezani bila upepo.